Bustani ya Maonyesho: Ikifungwa, Inakwenda Wapi?

Kwenye ukuta wa ofisi yetu kuna cheti kilichotiwa fremu. Ni cha zawadi ya pili, tuliyopata kwenye maonyesho ya kilimo miaka mitatu iliyopita. Kikundi chetu kilipewa kiwanja cha hatua kumi kwa kumi, nasi tukatengeneza bustani ndogo ya kufundisha watu jinsi ya kuhifadhi udongo. Tulichimba matuta, tukapanda kunde na terere, tukaandika vibao kwa rangi nyeupe. Watu walikuja kwa wingi. Walichopenda zaidi ni ile nyasi ya kijani iliyozunguka matuta, laini kama zulia.

Sasa wacha tuseme ukweli. Nyasi ile tuliitoa ukingoni mwa mto. Tuliikata vipande vipande kwa jembe siku moja kabla ya maonyesho, tukajaza pikapu mbili. Siku ya nne, maonyesho yalipokwisha, ilikuwa imekauka, ikatupwa pamoja na miche yote. Mvua za masika zilipokuja, ukingo tuliouacha wazi ulibomoka, na mto ukachukua sehemu ya shamba la nduma la mama mmoja jirani yetu. Mama huyo alikuja ofisini, akakitazama kile cheti kwa muda, kisha akatuuliza: "Wanangu, hii karatasi mlipewa kwa kuhifadhi udongo wa nani?"

Hatukuwa na jibu. Tulimwambia pole, lakini pole haijazi ukingo.

Tangu siku hiyo tumekuwa tukijiuliza: bustani ya maonyesho inayotengenezwa ili kuamsha watu kuhusu jambo jema, je, yenyewe inaleta hasara gani? Tulipotafuta habari tuligundua kwamba si sisi peke yetu wenye swali hili. Hata huko Uingereza, kwenye maonyesho ya bustani yanayojulikana kuliko mengine yote, wanaulizana hivyo hivyo. Basi tumeona heri tuwaeleze mambo yao, kwa maana ukubwa wa kazi yao unaonyesha wazi kile ambacho kwetu ni kidogo na hujificha.

CHELSEA NI KITU GANI?

Kila mwaka mwezi wa Mei, chama cha kilimo cha bustani cha Uingereza, kinachojulikana kwa herufi RHS, hufanya maonyesho mjini London katika uwanja wa Royal Hospital Chelsea. Mahali hapo ni makao ya wanajeshi wazee waliostaafu, yaliyoanzishwa na Mfalme Charles wa Pili mwaka wa 1682. Maonyesho yalianza kufanyika hapo mwaka wa 1913. Yalisimama wakati wa vita vikuu viwili vya dunia, na mwaka wa 2020 yakasimamishwa tena kwa sababu ya korona. Mwaka wa 2021 yalisogezwa hadi Septemba. Siku hizi huchukua siku tano, na watu karibu 150,000 huingia. Wengine wengi huyatazama kwenye televisheni.

Jambo la kustaajabisha ni bustani zenyewe. Mwanzoni mwa kazi, uwanja ni nyasi tupu. Kwa muda usiozidi wiki tatu hivi, mafundi hujenga kuta, vidimbwi, njia za mawe na vibanda, kisha hupanda miti mirefu na maua maelfu. Ukiingia siku ya kufungua, utadhani bustani ile imekuwapo miaka ishirini. Waamuzi hupita na kutoa nishani: dhahabu, fedha iliyopakwa dhahabu, fedha na shaba. Baada ya siku tano, kila kitu hung'olewa na uwanja hurudishiwa wenyewe.

Gharama nayo si mchezo. Bustani moja kubwa inaweza kumaliza pauni 250,000 na zaidi. Kwa pesa yetu hizo ni zaidi ya shilingi milioni 40. Kwa kawaida analipa mfadhili, kama vile benki au kampuni, anayetaka jina lake lionekane.

BUSTANI INAYOSEMA

Zamani bustani hizi zilikuwa za kuonyesha uzuri na ufundi tu. Lakini kwa miaka mingi sasa mashirika ya hisani yamekuwa yakizitumia kama mimbari. Mtu ambaye hangesoma karatasi ya kurasa kumi kuhusu wakimbizi husimama mbele ya bustani dakika tano, na akiondoka ana swali moyoni.

Tutoe mifano michache. Mwaka wa 2018 mchoraji wa bustani Tom Massey alitengeneza bustani ya shirika la Lemon Tree Trust. Wazo lake lilitoka kambi ya Domiz, kaskazini mwa Iraki, ambako wakimbizi wa Syria hupanda maua na mboga katikati ya saruji na mabati. Watu wa London waliona kwamba mkimbizi haombi chakula na hema tu. Anataka pia kuona kitu cha kijani mbele ya mlango wake.

Mwaka wa 2019 ilikuja bustani ya CAMFED, shirika linalosomesha wasichana katika nchi kama Zimbabwe, Zambia na jirani zetu Tanzania. Mchoraji Jilayne Rickards aliweka udongo mwekundu, darasa la kijijini na mazao ya chakula. Bustani hiyo ilipata dhahabu, na wananchi wakaipigia kura kuwa waipendayo zaidi katika kundi lake.

Mwaka wa 2022 bustani iliyoshinda zote ilikuwa ya shirika la Rewilding Britain. Lulu Urquhart na Adam Hunt walitengeneza kijito kilichozibwa kwa vijiti, kama vile biva anavyofanya. Biva ni mnyama anayekata miti kwa meno na kujenga mabwawa. Uingereza waliwindwa wakaisha karne nyingi zilizopita, na sasa wanarudishwa. Watu wengine walinung'unika: ati hii ni bustani au ni kichaka? Hata hivyo ubishi huo wenyewe ulifanya jambo lizungumzwe nchi nzima.

Tena mwaka wa 2024 Tom Massey pamoja na mjenzi Je Ahn walifanya bustani ya WaterAid. Ndani yake kulikuwa na banda ambalo paa lake linakusanya maji ya mvua, yanachujwa na kuhifadhiwa. Hilo sisi tunalielewa bila mkalimani. Kila mwenye mabati na tangi nyumbani anajua habari hiyo.

Kwa hiyo tusidharau. Bustani inaweza kufundisha. Hata sisi, pamoja na makosa yetu, tunajua familia kadhaa zilizochimba matuta baada ya kuona kiwanja chetu.

GHARAMA ISIYOONEKANA

Sasa tugeuze upande wa pili. Mgeni anaona maua. Haoni yaliyopita kabla ya maua kufika hapo. Tumeyapanga katika mambo matano.

Kwanza ni saruji na chuma. Ukuta wa kusimama siku tano unahitaji msingi kama ukuta wa kusimama miaka hamsini, maana hautakiwi kumwangukia mtu. Saruji hutengenezwa kwa kuchoma mawe ya chokaa. Moto wenyewe unatoa hewa ya kaboni, na jiwe nalo likiungua linatoa hewa hiyo hiyo. Ndiyo sababu saruji peke yake inahesabiwa kuleta kati ya asilimia 7 na 8 ya hewa ya kaboni inayotolewa na binadamu duniani, hewa inayozidisha joto na kuvuruga mvua zetu.

Pili ni udongo wa kupandia. Kwa miaka mingi wakuza miche wa Ulaya wametumia udongo mweusi wa vinamasi uitwao piti. Ni mwepesi, unashika maji, na miche inaupenda. Lakini piti hujengeka polepole sana, kama milimita moja kwa mwaka. Kina cha mita moja ni kazi ya miaka elfu. Vinamasi vya namna hii ni kama asilimia 3 tu ya nchi kavu ya dunia, lakini vimefungia kaboni nyingi kuliko misitu yote ikiwekwa pamoja. Ukikichimba na kukikausha, kaboni ile inatoka. Kwa hiyo ua linalohubiri habari ya mazingira linaweza kuwa limesimama juu ya kinamasi kilichoharibiwa.

Tatu ni kulazimisha mimea. Mimea haina kalenda ya maonyesho. Kuna ua la Aprili na kuna ua la Julai, lakini mchoraji anayataka yote mawili yachanue wiki moja ya Mei. Basi mengine huwekwa kwenye nyumba za vioo zenye joto ili yaharakishwe, na mengine huwekwa kwenye baridi ili yacheleweshwe. Na kwa sababu hakuna anayejua ni lipi litakubali, hukuzwa mengi kuliko yanayohitajika. Fikiria mahindi na viazi vitamu vya kuonyesha maisha ya kijiji cha Afrika: huko Uingereza haviwezi kustawi vya kutosha kufikia Mei pasipo kutunzwa ndani ya joto. Mkulima mwenyewe anayehubiriwa habari zake analima kwa jua la bure.

Nne ni safari. Miti mikubwa mara nyingi huletwa kwa malori kutoka Uholanzi, Ujerumani au Italia, na mizizi yake ikiwa na udongo. Mafuta ya lori ni jambo moja. Jambo kubwa zaidi ni wadudu na magonjwa yanayopanda lori bila tiketi. Kati ya mwaka wa 2005 na 2006, London iliingiliwa na viwavi wa miti ya mwaloni walioletwa na miti ya kununuliwa kutoka ng'ambo. Manyoya yao yanawasha ngozi na kuumiza macho, na mpaka leo hawajaisha. Huko Italia ya kusini mwaka wa 2013 iligunduliwa bakteria iitwayo Xylella, ambayo imeharibu mizeituni kwa mamilioni, na nchi nyingine zinaogopa isije kwao ndani ya miche. Sisi watu wa Ziwa Victoria hatuhitaji kufundishwa hilo. Gugumaji asili yake ni Amerika Kusini, na lilisambazwa duniani kwa sababu ya uzuri wa ua lake.

Tano ni taka. Kwa miaka mingi ilikuwa desturi kwamba Jumamosi jioni kengele inalia, na wageni wananunua mimea na kuondoka nayo mikononi hadi kwenye gari la moshi. Hiyo ilisaidia mimea ya kubebeka. Lakini ukuta haubebeki, na msingi wa saruji haununuliwi na mtu. Mengi ya namna hiyo yaliishia kuvunjwa na kutupwa.

WALIVYOANZA KUJIREKEBISHA

Ni haki kusema kwamba wenyewe hawakuziba masikio. RHS iliacha kuuza mifuko ya udongo wenye piti mwaka wa 2019, na ikaweka nia ya kuondoa piti kwenye maonyesho yake. Kuanzia mwaka wa 2021 ilikataza ile sponji ya kijani ya kuchomekea maua, kwa maana ni plastiki na huvunjika kuwa vipande vidogo visivyooza. Siku hizi michoro ya bustani hukaguliwa kabla ya ujenzi ili kuona itatoa kaboni kiasi gani, na wachoraji hushauriwa wapunguze saruji na chuma na watumie vitu vilivyokwisha kutumika.

Badiliko kubwa zaidi, kwa maoni yetu, lililetwa na wafadhili wawili ambao hawakutaka majina yao yatangazwe. Mwaka wa 2021 walianzisha mfuko uitwao Project Giving Back. Mfuko huo ulianza kulipia bustani za mashirika ya hisani mwaka wa 2022, kwa mpango wa kufika hadi mwaka wa 2026. Sharti lake moja lilikuwa hili: kila bustani lazima iwe na makao ya kudumu baada ya maonyesho. Hukupewa pesa kama hukuwa na mahali pa kuipeleka.

Matunda yalionekana. Mwaka wa 2023 bustani iliyoshinda zote ilikuwa ya shirika la Horatio's Garden, linalotengeneza bustani kwenye hospitali za watu walioumia uti wa mgongo. Wachoraji Charlotte Harris na Hugo Bugg waliweka njia laini ambayo kiti cha magurudumu kinapita bila kurukaruka, na njia hiyo waliitengeneza bila saruji. Tangu mwanzo ilijulikana kwamba mwisho wa safari ni hospitali ya Sheffield. Kwa hiyo waliuliza wagonjwa wanataka nini kabla ya kuuliza waamuzi wanataka nini. Mwaka huo huo bustani ya wadudu ya Royal Entomological Society nayo ilipangiwa makao mapya mashariki mwa London.

JE, INATOSHA?

Hapa tusidanganyane. Kuhamisha bustani nako kuna gharama. Kuna malori tena, kuna mafundi tena, na miche mingine hufa njiani. Anayepokea bustani anapokea pia kazi ya kumwagilia na kupalilia miaka yote, na kama hana mtu wa kazi hiyo, baada ya misimu miwili ni magugu. Mwenye hesabu kali atauliza: kwa nini bustani isijengwe hospitalini moja kwa moja, bila kupitia uwanja wa maonyesho?

Swali hilo ni la maana, na jibu lake ni chungu kidogo. Bila maonyesho, wafadhili wengi hawatoi pesa. Mtu hutoa penye macho ya watu. Kwa hiyo maonyesho ni kama gari la kuvutia pesa na masikio, na bustani iliyohamishwa ni mzigo mwema uliobebwa na gari hilo. Gari linakula mafuta, hatubishi. La kuangalia ni kama mzigo ulifika, au gari lilizunguka tupu.

Na ndiyo maana tunasema: bustani ya maonyesho ihukumiwe siku baada ya kufungwa. Siku ya kufungua kila mtu ni mshindi.

Kwetu maonyesho ya kilimo yana nafuu moja. Viwanja vingi hupandwa mapema, mbegu ikiwekwa ardhini pale pale na kukua kwa mvua, na mwaka unaofuata kiwanja hutumika tena. Hatuhitaji nyumba za vioo. Lakini tamaa ya kupendeza waamuzi tunayo, kama wao. Ile nyasi ya mtoni tuliitoa kwa sababu hiyo tu. Haikufundisha mtu chochote.

MASWALI KABLA YA KUCHIMBA

Kwa vikundi vya akina mama, vya vijana na shule ambazo zinafikiria kutengeneza bustani ya maonyesho, tunawaachia maswali haya. Yajibuni kwenye mkutano, na katibu aandike majibu.

1. Tunataka mtu aondoke na jambo gani moja? Kama hamwezi kulisema kwa sentensi moja, bustani haitalisema.

2. Kila kitu kinatoka wapi, na kikitoka huko kinaacha nini? Udongo, mawe, nyasi, vijiti, maji. Nendeni mkaone mahali penyewe kwa macho.

3. Je, tunaweza kuazima badala ya kununua? Matofali, mapipa, mabati na magunia yanaweza kurudi yalikotoka.

4. Je, mimea ni ya hapa kwetu na ya msimu huu? Terere, managu na kunde havihitaji lori wala kubembelezwa.

5. Bustani ikifungwa itakwenda wapi, na nani ataimwagilia? Andikeni jina la mtu. "Kikundi" si jina la mtu.

6. Je, hicho tunachofundisha, sisi wenyewe tunakifanya nyumbani?

Swali la tano ndilo kubwa. Mkilikosea hilo, mengine hayawezi kuwasaidia. Msipopata jibu, basi msichimbe. Chukueni wageni mkawaonyeshe shamba la jirani ambaye tayari anafanya vizuri. Hilo nalo ni onyesho, na halihitaji kung'olewa.

TULIKOFIKA

Baada ya mama yule kuondoka siku ile, tulikaa tukazungumza. Tulirudi mtoni na majembe, safari hii kwa kazi nyingine. Tulijaza magunia mchanga, tukayapanga chini ya ukingo, na juu yake tukapanda nepia na miti ya asili ya kushika udongo. Mwaka wa kwanza nusu ilichukuliwa na maji. Tukapanda tena. Sasa nepia imesimama, na mama anaikata kulisha ng'ombe wake. Lile shamba la nduma halijarudi lote, na halitarudi.

Msimu huu tumealikwa tena kwenye maonyesho. Tumekubali, lakini kwa masharti yetu. Kiwanja kitakuwa na magunia ya mboga na pipa la maji ya mvua tuliloazima shuleni. Siku ya kufunga, magunia yatapakiwa kwenye mkokoteni yapelekwe shule hiyo hiyo, ambako mpishi ameshatuonyesha mahali pa kuyapanga, karibu na jiko, ili maji ya kuoshea mboga yasimwagwe bure. Jina la mwalimu atakayesimamia limeandikwa kwenye daftari.

Nyasi ya kijani haitakuwapo. Huenda tusipate hata zawadi ya tatu. Mama wa nduma ameahidi kuja kutazama, na ametuambia atakuja pia shuleni wiki inayofuata, kuhakikisha kama magunia yamefika.